Kloroplasti, kromoplasti au amiloplasti: uweke ipi chini ya hadubini?

Mada ya seli ikifika, swali huwa lilelile, na walimu wenzangu huniuliza zaidi ya wanafunzi: kati ya plastidi zote, niwaonyeshe ipi? Vipindi viwili vikiunganishwa ni dakika 80. Hadubini tunazo 3, na moja lenzi yake kubwa imeshaingia ukungu, kama kila kitu cha kioo na chuma kinachokaa karibu na bahari hapa Mtwara. Wanafunzi ni hamsini na ushei. Ukipiga hesabu na kutoa muda wa kuandaa, kila mmoja ana dakika tatu hivi za kuchungulia. Akitoka hajaona kitu, atachora picha ya kitabuni na kuandika "nimeona", nawe utampa alama.

Plastidi ni viungo vidogo vilivyo ndani ya seli za mimea na mwani, vyenye utando wa tabaka mbili na DNA yao wenyewe. Zote zinaanzia kwenye plastidi changa zisizo na rangi, proplastidi, zilizomo kwenye ncha za mizizi na machipukizi. Seli ikipata kazi ya kutengeneza chakula, proplastidi inakuwa kloroplasti ya kijani. Ikiwa kazi ni kuvutia ndege au mdudu, inakuwa kromoplasti ya njano, chungwa au nyekundu. Ikiwa ni kuweka akiba, inakuwa lukoplasti, isiyo na rangi, na katika ukoo huo amiloplasti yenye wanga ndiyo inayojulikana zaidi.

Nalinganisha hizo tatu kwa mambo matano: unaipata wapi, kazi ya kuiandaa, kinachoonekana ukikuza mara 400, somo linalotoka humo, na mtego wake. Elaioplasti na proteinoplasti, zinazotajwa vitabuni kuwa za kuhifadhi mafuta na protini, nimeziweka pembeni kwa makusudi. Sababu iko mbele, na inatuhusu sana sisi wa korosho na ufuta.

Unaipata wapi

Kloroplasti ziko popote penye kijani, ndiyo maana watu hudhani hazina shida. Shida ni unene. Unahitaji jani lenye tabaka moja au mbili tu za seli, na jani la namna hiyo haliuzwi sokoni. Wakati wa mvua nabandua kuvumwani kwenye ukuta mbichi wa kisima au chini ya tangi linalovuja. Majani ya mimea inayoishi ndani ya maji ni mazuri zaidi, ukiwa karibu na bwawa. Kuanzia Juni mambo hukauka, na wenzetu wa Newala na Tandahimba huko juu ndio wanaoumia zaidi. Hapo nageukia lile gugu linalotambaa shambani lenye kiua cha bluu. Ngozi ya chini ya jani lake huchunika bila kukuchosha.

Kromoplasti ni za sokoni: nyanya iliyoiva, pilipili nyekundu, papai. Karoti nayo inafaa, ila inatoka mbali na haina la ziada la kutuonyesha. Nyanya moja inatosha darasa zima na inayobaki inaingia kwenye kachumbari.

Kwa amiloplasti, Kusini tumejaaliwa. Muhogo upo mwaka mzima. Vipo viazi vitamu, zipo ndizi mbichi, na ikifika msimu zipo ming'oko zinazochimbwa porini. Sharti kiwe kibichi. Mama ninayenunua kwake muhogo alinishangaa siku moja: "Mwalimu, kipande kimoja? Sasa hicho utamlisha nani?" Nilipomwambia watoto hamsini, akaniongezea cha pili bure.

Kuiandaa

Kuvumwani ndiyo rahisi kuliko vyote. Chomoa jani moja dogo kwa sindano, liweke kwenye tone la maji, funika, basi. Ngozi ya lile gugu inataka mkono mwepesi: vunja jani kwa juu, vuta kipande kuelekea chini, na utando mwembamba unaong'aa utajitokeza pembeni. Huo ndio unaoutaka.

Usitumie kisamvu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikichuma kwa kuwa kilikuwa dirishani, nikakikatakata kwa wembe nikidhani nimekata vyembamba. Chini ya hadubini kulikuwa na ukuta wa kijani, hauna mwanzo wala mwisho. Mwanafunzi mmoja akauliza kama seli moja ni kubwa kiasi hicho. Sikuwa na jibu la heshima.

Nyanya haihitaji wembe. Chukua nyama kiasi cha kichwa cha kiberiti kutoka chini ya ngozi, weka tone la maji, funika, bonyeza taratibu kwa kidole juu ya karatasi ya shashi. Nyanya ikiiva, pektini inayozigandisha seli pamoja hulainika, hivyo seli zinaachana zenyewe, nzima nzima, kama punje za ubuyu mdomoni. Rangi ya kuongeza haihitajiki. Pilipili ni ngumu kidogo; kwangua upande wa ndani wa ganda, halafu usijiguse macho mpaka unawe kwa sabuni.

Muhogo una njia mbili, na wengi wanaijua moja. Ukikwangua, unapata punje za wanga zinazoelea bila seli. Ukikata kwa wembe mpya ukingo mwembamba unaopitisha mwanga, unaziona punje zikiwa ndani ya seli, zimejazana. Inachukua majaribio manne matano, lakini hiyo ndiyo picha yenye maana. Iodini ya kupaka vidonda inapatikana duka la dawa. Izimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi.

Usiitie iodini mwanzoni. Acha mwanafunzi aone punje zikiwa hazina rangi, kisha weka tone kwenye ukingo mmoja wa kioo cha kufunikia na uguse ukingo wa pili kwa shashi. Shashi inanyonya maji, iodini inavutwa chini ya kioo. Anayechungulia anaiona ikija kama maji yanavyojaa ufukweni: upande mmoja punje bado hazina rangi, mwingine zimeshakuwa bluu nzito, na mstari kati yao unatembea. Aliyeona hilo huita wenzake, na foleni inavurugika.

Neno moja kwa wanaotumia hadubini za kioo cha kuakisi, kwa kuwa umeme haupo au umekatika: elekeza kioo kwenye anga jeupe au ukuta mweupe, kamwe si kwenye jua lenyewe. Jua la kwetu likipita kwenye lenzi linaunguza jicho.

Kinachoonekana

Kloroplasti ni vidonge vya kijani vilivyobapa kidogo, kipenyo chake mikromita 5 hadi 10. Ukizipanga mstari, milimita moja inabeba kati ya 100 na 200. Kwenye jani la mmea wa majini, mwanga wa hadubini ukilipasha kidogo, zinaanza kuzunguka kando ya ukuta wa seli zikibebwa na ute wa ndani ya seli, na hapo mwanafunzi anaamini kwamba seli ni kitu hai. Kwenye ngozi ya jani utaona jambo jingine: seli mbili mbili zilizokumbatiana kwenye vitundu vya hewa zina kloroplasti, majirani zao wanaozizunguka karibu hawana. Usitegemee kuona grana, zile pipi zilizopangwa kwenye mchoro wa kitabu. Hizo zinataka hadubini ya elektroni.

Kromoplasti ni ndogo na hazina umbo moja. Kwenye pilipili ni chembechembe nyekundu zilizotawanyika. Kwenye nyanya, likopeni, yaani ile rangi yake nyekundu, hujenga fuwele, kwa hiyo utaona vijiti na vipande vya rangi ya chungwa vyenye ncha. Ni picha nzuri kwenye lenzi safi. Kwenye ile yetu ya ukungu ni madoa tu, na naona ni haki kulisema.

Amiloplasti ndizo kubwa. Punje ya wanga wa muhogo ina mikromita 5 hadi 35, duara lenye upande mmoja kama limekatwa. Ya kiazi mviringo hufika 100, umbo la yai lenye miduara ndani, na inaonekana hata ukikuza mara 100 tu. Ila kuna jambo la kukiri: unachokiona ni wanga. Utando wa plastidi umebanwa juu ya punje na ni mwembamba mno kwa hadubini ya shule. Ni sawa na kuona mahindi ukiwa huoni gunia. Kwa kipimo hiki kimoja kloroplasti inazishinda zote, kwa sababu rangi imo ndani yake na mpaka wake unaonekana.

Somo linalotoka humo

Kloroplasti inabeba usanisinuru, na hilo halihitaji maelezo. Ambalo mara nyingi tunaliruka ni asili yake. Mjerumani Andreas Schimper aliona mwaka 1883 kwamba kloroplasti hujigawa zenyewe kama viumbe vinavyojitegemea. Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky akasema wazi kwamba zamani zilikuwa viumbe huru vilivyoingia ndani ya seli na kubaki. Wengi hawakumsikiliza hadi Lynn Margulis, Mmarekani, alipolifufua wazo hilo mwaka 1967. Leo linafundishwa kila mahali: utando wa tabaka mbili, DNA ya duara, na ribosomu (viwanda vya protini) za aina ya bakteria ni ushahidi ambao mwanafunzi anaweza kuutetea mwenyewe.

Kromoplasti inafundisha mabadiliko, na kwa maoni yangu hapa ndipo tunaipunja. Nyanya inapotoka kijani kwenda nyekundu, kloroplasti haifi ili nyingine izaliwe. Ni ileile: utando wa ndani unavunjwa, umbijani (klorofili, rangi ya kijani) unapotea, likopeni inatengenezwa. Safari hiyo inaweza hata kurudi nyuma. Kuna machungwa ambayo yakiachwa mtini baada ya kuiva, ganda linaanza tena ukijani. Ndiyo pia sababu machungwa ya pwani huiva huku ganda bado ni kijani: umbijani wa ganda hupotea vizuri panapokuwa na usiku wa baridi, na sisi hatuna.

Amiloplasti inafundisha akiba, lakini si hiyo tu. Kwenye ncha ya mzizi amiloplasti ni nzito, zinatua upande wa chini wa seli, na mmea unajua chini ni wapi. Pandikiza mbegu ya kunde kichwa chini uone mzizi ukijikunja. Kiazi mviringo kikikaa juani sokoni kinageuka kijani chini ya ngozi: amiloplasti zake zimekuwa kloroplasti. (Kijani hicho chenyewe hakidhuru, lakini mwanga huohuo huongeza solanini, ambayo ni sumu. Kata sehemu hiyo.)

Na muhogo una somo ambalo siachi kulitaja. Kisamvu kina kloroplasti, mzizi una amiloplasti, na ndani ya zote mbili kuna DNA ileile ya duara, yenye jozi za besi kama 161,000. Jani linatengeneza sukari, sukari inasafiri kwenye shina, amiloplasti inaigeuza wanga. Batobato inaposhambulia jani, yale mabaka ya njano ni mahali kloroplasti zilipodhoofika. Mtoto wa mkulima anayejua kwamba shamba lenye batobato linatoa mihogo myembamba ameshaelewa uhusiano wa plastidi hizo mbili. Amekosa majina tu.

Mtego wa kila moja

Kwa kloroplasti, mtego ni kudhani jani lisilo la kijani halina. Majani machanga ya mwembe ni mekundu ya shaba, na kloroplasti zimo. Zimefunikwa na rangi nyingine inayoitwa anthosiyanini.

Kromoplasti ndiyo yenye mtego mkubwa, nami nimeuona ukiwanasa hata walimu wazoefu. Si kila chekundu ni kromoplasti. Wekundu wa choya, wa kitunguu na wa ganda la bibo la korosho ni anthosiyanini, iliyoyeyuka ndani ya vakuoli, kifuko cha maji cha seli. Wa mchicha mwekundu ni betalaini, rangi nyingine ya maji, nayo iko vakuoli vilevile. Njano ya bibo la njano, hiyo ni karotenoidi, kundi moja na likopeni, mali ya kromoplasti. Kwa hiyo bibo jekundu na la njano kwenye sinia moja vinaweza kumdanganya mtu kabisa.

Kuzitenganisha, nenda jikoni. Loweka choya: maji yanakuwa mekundu papo hapo, na ukitia magadi yanaelekea kijani. Ni rangi ya maji. Halafu angalia mchuzi wa nyanya na pilipili unapochemka: wekundu unapanda juu na mafuta, chini maji yamebaki hafifu. Ni karotenoidi, inapenda mafuta. Mwanafunzi aliyewahi kutumwa kukaanga nyanya alishaliona jaribio hili mara elfu.

Kwa amiloplasti, mtego ni chakula kilichopikwa. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi, punje za wanga zinaanza kunywa maji, zinavimba na kupasuka. Ugali wa muhogo ukiutia iodini utakuwa bluu tii, lakini punje hakuna. Ming'oko za kuchemsha za barabarani nazo ni hivyohivyo. Makopa ni afadhali, kwa sababu yamekaushwa tu. Ndizi iliyoiva nayo inaangusha, wanga wake mwingi umeshakuwa sukari.

Mbona korosho na ufuta havimo?

Vitabu vinasema elaioplasti huhifadhi mafuta na proteinoplasti protini. Si uongo. Kosa ni hatua inayofuata, pale mtu wa Mtwara anapoleta korosho na wa Lindi analeta ufuta ili kuonyesha elaioplasti. Mafuta ya mbegu hizo hayakai ndani ya plastidi. Asidi za mafuta huundwa kwenye plastidi mbegu inapokua, kisha hutoka, na mafuta yakikamilika yanahifadhiwa kwenye vitone vidogo nje yake. Protini ya mbegu nayo iko zaidi kwenye vifuko vinavyotokana na vakuoli. Elaioplasti halisi utazikuta, kwa mfano, kwenye seli zinazolea chavua ndani ya ua, na hizo si kazi ya dakika 80. Zaidi ya hayo korosho ina wanga wake, kwa hiyo mwenye iodini mkononi ataona bluu na kuchanganyikiwa zaidi.

Chagua kwa hali yako

Kidato cha kwanza, ndiyo mara yao ya kwanza kuona seli, na lenzi zako ni nzuri: chukua kloroplasti kwenye kuvumwani au mmea wa majini. Uzunguko ule utakusaidia kueleza seli kuliko ubao mzima.

Hadubini mbovu, au ni moja kwa shule nzima: muhogo na iodini. Punje kubwa na rangi nzito vinavumilia lenzi yoyote, na hata wasiofikiwa na zamu wanauona muhogo ukigeuka bluu kwenye kisahani. Usisahau tu kuwaambia kuhusu gunia na mahindi.

Huna iodini wala duka la dawa karibu, kiangazi kimekolea: nyanya au pilipili. Inataka tone la maji na kidole.

Kidato cha tano, au wanafunzi wanaopenda kubishana: panga nyanya tatu, ya kijani, inayobadilika na iliyoiva, kwenye hadubini tatu. Hapo kromoplasti inazizidi zote mbili kwa mjadala. Weka choya pembeni uone nani ananaswa.

Mwanafunzi unayejisomea nyumbani bila hadubini kabisa: otesha kunde kwenye kopo gizani, ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Miche itatoka mirefu, myembamba, ya njano. Plastidi zake zinaitwa etioplasti, yaani zimekwama njiani kuelekea kloroplasti zikisubiri mwanga. Itoe nje asubuhi na uitazame kila saa. Kijani kitaanza kuingia siku hiyohiyo. Andika saa uliyoitoa, maana mwalimu wako ataiuliza.